Tathmini ya Seti ya Sarafu Tano za Fedha za Italia ya Enzi za Kati

Seti ninayoitathmini hapa ina sarafu tano za fedha zilizogongwa kwa nyundo katika miji minne ya Italia ya Enzi za Kati: grosso na soldino za Venisi, gigliato ya Napoli, bolognino ya Bologna na denaro ya Genova. Niliinunua kwa euro 390, gharama ya usafirishaji ikiwemo, kutoka duka moja la kaskazini mwa Italia linalouza sarafu za kale dukani na kwa njia ya mtandao. Kila sarafu nimeipima kwa mzani wa kielektroniki unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, nimeichunguza kwa lenzi inayokuza mara kumi, na nimeyalinganisha maandishi yake na ya sarafu za aina hiyo zilizomo katika makusanyo ya makumbusho. Hukumu yangu naitoa mapema: thamani ya seti hii imebebwa na sarafu mbili, yaani grosso na gigliato, na mnunuzi ambaye pesa zake hazifikii seti nzima hatapungukiwa na jambo la msingi akinunua grosso peke yake, mradi achague iliyogongwa vizuri.

Wakusanyaji wengi wa pwani yetu huanza na pesa za shaba za Seyyid Barghash, heller na rupia za Afrika Mashariki ya Kijerumani, au shilingi za wakati wa Waingereza. Sarafu hizo zilitoka mashinini, kila moja sawasawa na ya pili yake, na kwa hiyo jicho letu limezoea kuihukumu sarafu kwa ukingo wake uliokamilika na picha yake iliyokaa katikati. Kwa sarafu ya nyundo kipimo hicho hakifai, ingawa kazi yenyewe si ngeni kwetu. Hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, na Kilwa iligonga sarafu zake za shaba kwa muda mrefu, zikiwemo za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala katika miaka ambayo grosso za Venisi zilikuwa zikizunguka Bahari ya Kati yote. Aliyewahi kuitazama sarafu ya Kilwa kwa karibu atazielewa hizi za Italia upesi kuliko aliyezoea heller.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Fedha iliyoyeyushwa ilifuliwa ikawa bamba jembamba, bamba likakatwa vipande vya mviringo kwa mkasi, na kila kipande kikarekebishwa uzito kwa kupunguzwa ukingoni. Muhuri wa chini, ulioitwa pila, ulikuwa na mkia uliochongoka ambao ulipigiliwa kwenye gogo ili usitikisike. Muhuri wa juu, ulioitwa torsello, ulishikwa juu ya kipande cha fedha na kupigwa nyundo. Picha zote mbili zilitokea kwa pigo moja au mawili. Kwa sababu hiyo, picha iliyoelemea upande mmoja, herufi mbili tatu ambazo hazikutokea, kivuli cha pigo lililorudiwa na ukingo usio mviringo kamili ni mambo ya kawaida ambayo mnunuzi hapaswi kuyaogopa. Yanayopunguza thamani kweli ni mengine: ukingo uliokatwa na watu waliotaka kujipatia fedha kwa siri, tundu lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni, uso uliosuguliwa kwa dawa mpaka ukang'aa, na picha iliyofifia kwa sababu muhuri ulikuwa umechakaa. Kwa tofauti hiyo ndivyo nilivyozipima sarafu zote tano.

Nianze na grosso, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niinunue seti hii. Ni ya Doge Pietro Gradenigo, aliyeiongoza Jamhuri ya Venisi kuanzia mwaka 1289 hadi 1311. Ina kipenyo cha milimita 20 hivi na uzito wa gramu 2.13, nao ni uzito wa kuridhisha kabisa, kwa sababu kiwango kilichowekwa kilikuwa takriban gramu 2.18 na upungufu mdogo kama huo unatokana na mikono iliyoishika. Ukingo wake haujakatwa. Vitone vinavyozunguka picha vinaonekana karibu pande zote, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayomshauri mnunuzi aitafute. Fedha yake ni safi kwa zaidi ya asilimia 95, na usafi huo unaonekana kwa macho, kwa maana utando wa kijivu ulioufunika uso umetulia na kuenea sawasawa, bila madoa ya kijani yanayotokea mahali penye shaba nyingi.

Upande mmoja Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi, uso wake ukitazama mbele, mkononi ana kitabu, na kando ya kichwa chake kuna herufi IC na XC ambazo Wagiriki walifupishia jina lake. Upande wa pili Mtakatifu Marko, mlinzi wa mji, anamkabidhi Doge bendera. Mlingoti wa bendera umesimama kati yao, na neno DVX, yaani Doge kwa Kilatini, limeandikwa kwa kushuka chini sambamba na mlingoti huo. Nyuma ya Doge limeandikwa jina lake, PE GRADONICO, na nyuma ya mtakatifu yameandikwa maneno S M VENETI. Mpangilio huu ulitoka kwa Wabizanti, ambao sarafu zao zilimwonyesha Kristo kwenye kiti cha enzi na kaisari akiwa amesimama pamoja na mtakatifu. Waveneti waliufuata kwa sababu ya kibiashara iliyo wazi: mali waliyoitafuta ilikuwa Konstantinopoli na katika bandari za mashariki ya Bahari ya Kati, na wenyeji wa huko walikuwa wamekwisha kuzoea kuiamini pesa yenye sura ya namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini grosso ilihitajika, ni lazima kurudi kwenye mfumo wa hesabu ulioachwa na Karoli Mkuu, mfalme wa Wafaranki, ambapo ratili moja ya fedha ilitoa denari (wingi wa denaro) 240, denari 12 zikifanya soldo moja na soldi 20 zikifanya lira moja. Kwa karne kadhaa denaro ndiyo sarafu pekee iliyogongwa, soldo na lira zikibaki kuwa majina ya hesabu tu. Kila mji wa Italia uliokuwa na haki ya kugonga sarafu uliipunguza fedha na kuongeza shaba kidogo kidogo, hata kufikia mwisho wa karne ya 12 denaro ya Venisi ilikuwa kisarafu chepesi, cheusi na chenye fedha chache sana. Mfanyabiashara aliyetaka kulipia shehena ya pilipili alilazimika kuhesabu sarafu kwa maelfu. Wakati huohuo migodi mipya, hasa ile ya Freiberg katika Saxony iliyogunduliwa mwaka 1168, ilikuwa ikitoa fedha nyingi ambazo wafanyabiashara wa Kijerumani walizivusha milima ya Alps hadi Venisi. Haja ilikuwapo na malighafi ilikuwapo.

Aliyeichukua fursa hiyo ni Doge Enrico Dandolo, aliyetawala kuanzia 1192 hadi 1205. Wanahistoria wanagawanyika kuhusu mwaka wenyewe, wengine wakiuweka karibu na 1193 na wengine 1202, na wale wa mwaka 1202 humtegemea mwandishi wa historia wa karne ya 13, Martino da Canal, anayeeleza kwamba sarafu hiyo iligongwa ili kuwalipa mafundi waliojenga merikebu za Vita ya Nne ya Msalaba. Mkataba wa vita hiyo, uliofungwa mwaka 1201, uliwataka wapiganaji wailipe Venisi marki (kipimo cha uzito) 85,000 za fedha, na ni rahisi kuona jinsi kiasi kama hicho kilivyohitaji sarafu kubwa kuliko denaro. Mwanzoni grosso moja ilihesabiwa kuwa denari ndogo 26. Kufikia mwaka 1282 ilikuwa imetangazwa rasmi kuwa denari 32, si kwa kuwa grosso iliongezwa kitu, maana uzito na usafi wake havikuguswa. Denaro ndiyo iliyozidi kudhoofika. Kushikilia kiwango kimoja kwa zaidi ya karne nzima, katika Italia ya wakati ule, ni jambo la kustahiwa, na ndilo linalonifanya niipende grosso kuliko sarafu yoyote nyingine ya zama zake.

Uthabiti huo una faida kwa mkusanyaji wa leo. Kwa kuwa picha haikubadilika sana tangu Dandolo hadi katikati ya karne ya 14, sarafu hutambuliwa kwa jina la Doge, na mtu anaweza kujenga mkusanyo wenye mpangilio, Doge mmoja baada ya mwingine, bila kulazimika kujifunza mamia ya aina. Gradenigo alitawala zaidi ya miaka 20 na sarafu zake ni nyingi. Aliyemfuata, Marino Zorzi, hakumaliza hata mwaka mmoja, na grosso yake ni adimu na ghali. Aidha, karibu na kiti na miguu ya Kristo huonekana alama ndogo, kama kitone au mchoro mdogo, ambazo huaminiwa kuwa za wasimamizi wa karakana walioapa kulinda ubora wa kazi. Yangu ina kitone kimoja kilicho wazi. Kuitafuta alama hiyo kwa lenzi, huku mwanga ukitoka ubavuni, ni raha ambayo picha za kwenye skrini haziwezi kuitoa.

Kuhusu pigo lenyewe, uso wa Kristo umetokea vizuri, macho na ndevu vikionekana, na mikunjo ya vazi lake inafuatika kwa jicho mpaka magotini. Uso wa Doge umelala nusu, jambo linaloonekana mara nyingi kwa sababu mahali hapo pigo halikuijaza fedha ipasavyo. Majina yote mawili yanasomeka herufi kwa herufi. Kwa kipimo changu hii ni sarafu nzuri, na duka halikuitia chumvi katika maelezo yake.

Hapa niongeze tahadhari moja. Grosso ilipendwa hata ikaigwa, na waigaji mashuhuri zaidi walikuwa wafalme wa Serbia, waliokuwa na migodi yao ya fedha na waliogonga sarafu zenye picha ileile lakini zenye fedha pungufu. Venisi ilizipiga vita sarafu hizo kuanzia miaka ya 1280, na mshairi Mtaliani Dante, katika sehemu ya tatu ya utenzi wake, anamtaja mfalme wa Rascia, yaani Serbia, miongoni mwa watawala waovu kwa kosa hilohilo la kuichezea sarafu ya Venisi. Sarafu hizo za Serbia ni halali kwa mkusanyaji na zina historia yake, ila hazifai kuuzwa kama za Venisi. Kuzitambua ni rahisi kwa anayesoma maandishi: badala ya jina la Doge na Mtakatifu Marko kuna VROSIVS REX, yaani Mfalme Uroš, na jina la Mtakatifu Stefano. Mnunuzi anayetazama picha peke yake ndiye anayedanganyika.

Sarafu ya pili kwa uzito wa hoja, na ya kwanza kwa ukubwa, ni gigliato ya Napoli yenye jina la Mfalme Robert wa ukoo wa Anjou, aliyetawala kuanzia 1309 hadi 1343. Ina upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 3.94, karibu mara mbili ya grosso, na ukiiweka kiganjani unaihisi. Aina hii ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 14 na baba yake, Charles wa Pili, kwa kiwango cha gramu 4 hivi. Mfalme ameketi kati ya simba wawili ambao ndio wanaounda kiti chake, fimbo ya enzi mkono mmoja na tufe mkono wa pili. Upande wa nyuma una msalaba uliopambwa maua, na katika pembe zake nne yamo maua ya yungiyungi ya nasaba ya Kifaransa, ambayo ndiyo yaliyoipa sarafu jina lake. Maandishi yanayoizunguka, HONOR REGIS IVDICIVM DILIGIT, yametoka katika Zaburi ya 99 na yanasema kwamba heshima ya mfalme hupenda hukumu ya haki. Upande wa mbele umetaja vyeo vyake, ukiwemo ufalme wa Yerusalemu, mji ambao wakati huo Wakristo wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuupoteza.

Kazi ya kuchonga ni nzuri, na pigo la sarafu hii ni safi kuliko la grosso. Hata hivyo kibandiko chake kimeniudhi. Duka limeandika miaka 1309 hadi 1343 bila maelezo, ilhali ni jambo linalojulikana kwa wanaofuatilia fani hii kwamba gigliato zenye jina la Robert ziliendelea kugongwa kwa wingi baada ya kifo chake, kwa sababu wafanyabiashara wa mashariki walikuwa wamelizoea jina hilo na hawakutaka jingine. Sarafu za baadaye hutambuliwa kwa mtindo wa sura na herufi ulio mkavu zaidi, na ile niliyopewa, kwa jinsi nywele za mfalme zilivyochorwa kwa mistari migumu, naiona kuwa ya kundi hilo. Haipungui uzuri wala fedha, lakini muuzaji anayejiita mtaalamu anapaswa kumwambia mnunuzi. Umaarufu wa gigliato ulifika mbali hata baadhi ya maamiri wa Kituruki wa pwani ya Anatolia, kama wa Saruhan na wa Aydin, waligonga sarafu za kuiiga, zenye mfalme Mkristo, msalaba na maandishi ya Kilatini, ili waweze kufanya biashara na Wataliani. Kwangu huo ni ushahidi wa nguvu ya sarafu nzuri kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye kadi ya duka.

Sarafu tatu zilizobaki ni ndogo, na nitazipitia kwa ufupi zaidi, ingawa soldino ina jambo la kueleza. Ni ya Doge Francesco Dandolo, aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1330, na ina uzito wa gramu 0.92. Doge amepiga magoti akishika bendera, na upande wa pili simba wa Mtakatifu Marko amesimama kwa miguu ya nyuma naye akiwa na bendera. Kuzaliwa kwake kulitokana na msukosuko wa bei. Dhahabu ya Kremnica, katika ufalme wa Hungaria, ilianza kumiminika Ulaya, fedha ikawa ghali ikilinganishwa na dhahabu, na kwa kuwa tangu mwaka 1328 dukati moja ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye grosso 24, kugonga grosso kukawa hasara kwa serikali. Soldino, yenye fedha ya theluthi mbili tu, ilikuwa njia ya kupata sarafu ya fedha isiyoikimbiza fedha yenyewe nje ya mji. Sarafu niliyopewa imechakaa na kichwa cha simba hakionekani. Ikiwa na grosso pembeni yake, inafundisha kitu; ikiwa peke yake, nisingeinunua.

Bolognino ni sarafu ya kawaida ya karne ya 14, gramu 1.12, na haikunivutia sana kwa sura kwa sababu haina picha ila herufi. Katikati ya upande mmoja kuna A kubwa, na silabi BO, NO na NI zinaizunguka, ili jina BONONIA, yaani Bologna kwa Kilatini, likamilike. Upande wa pili kuna ENRICVS na herufi nne za cheo chake cha ukaisari. Henry huyo ni Kaisari Henry wa Sita, aliyeipa Bologna haki ya kugonga sarafu mwaka 1191, na bolognino kubwa ya fedha ilianza mwaka 1236. Ilisambaa Italia ya kati na ikaigwa na miji mingine. Anayependa maandishi ataifurahia, na hali yake ni nzuri.

Denaro ya Genova ndiyo sarafu ya kale zaidi katika seti kwa asili yake, na ndiyo iliyowekewa maelezo mabaya zaidi. Kibandiko kinasema ni ya fedha safi. Si kweli. Denaro hii iligongwa ikiwa na fedha ya theluthi moja hivi na iliyobaki ni shaba, na uso wake wa kahawia unalithibitisha hilo kwa yeyote anayeiweka karibu na grosso. Inayo lango la ngome, alama ya Genova, lenye neno IANVA, na upande wa pili msalaba na jina la Mfalme Conrad wa Tatu wa Ujerumani, aliyewapa Wagenova haki ya kugonga sarafu mwaka 1138. Conrad alikufa mwaka 1152, lakini jina lake lilibaki kwenye sarafu za mji huo kwa karne nyingi baadaye, na kwa hiyo kuiandikia denaro kama hii miaka ya utawala wake, kama duka lilivyofanya, ni kosa la pili juu ya la kwanza. Bei yake ikinunuliwa peke yake ni ndogo, na kosa la kibandiko halimtii mnunuzi hasara kubwa ya pesa. Linamtia hasara ya maarifa, hasa yule anayeanza na anayeamini alichoandikiwa.

Uhalisi wa sarafu zote tano sina shaka nao. Sarafu bandia za kumiminwa kwenye kalibu huonyesha vijitundu vidogo vidogo chini ya lenzi, kingo za herufi zilizolainika na mara nyingine mstari wa kiungo ukingoni, na hapa hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Herufi za sarafu ya nyundo hupanda kwa ukali kutoka usoni, na mahali fedha ilipotanuka kwa pigo huonekana mistari myembamba inayoelekea nje. Grosso na gigliato zote mbili zinayo. Uzito nao ni shahidi, kwa kuwa bandia nyingi hukosea hapo, ama kwa kuzidi ama kwa kupungua sana.

Kisanduku cha mbao ni kizuri, lakini sarafu zilikuwa ndani ya vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali, na plastiki ya namna hiyo, kwa miaka, huacha utando wa kijani unaonata unaokula uso wa sarafu. Nilizitoa siku ileile na kuziweka katika vijisanduku vigumu vya plastiki isiyo na madhara. Kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari imejaa unyevu na chumvi, naongeza vifuko vya silika ndani ya sanduku na kuvibadilisha vinapolowa. Asizisugue kamwe, hata kwa kitambaa laini. Utando wa kijivu ni kinga yake na ni sehemu ya thamani yake.

Upande wa hati duka limefanya vizuri. Ankara inaeleza kila sarafu kwa picha na uzito, na pamoja nayo lilituma maelezo ya maandishi kuhusu mkusanyo wa zamani ambamo sarafu zilitoka. Italia inazihesabu sarafu za kale kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni chini ya sheria yake ya mwaka 2004, na muuzaji alinieleza tangu mwanzo kwamba utumaji kwenda nje ungesubiri taratibu za kibali. Kusubiri huko ni afadhali mara nyingi kuliko kupokea kifurushi cha haraka kisicho na karatasi, kwa sababu sarafu isiyo na asili inayojulikana inaweza kuwa imechimbwa kwa wizi, na historia ya mahali ilipolala ikapotea kabisa.

Kama ningepanga seti hii mimi, ningeiondoa soldino iliyochakaa na kuweka kitu cha Toscana, ambayo haikuwakilishwa hata kidogo. Grosso ya Lucca yenye Uso Mtakatifu, ule msalaba wa mbao unaoheshimiwa katika kanisa kuu la mji huo, ingefaa sana. Vivyo hivyo grosso ya Siena yenye herufi S kubwa na maneno SENA VETVS, au fiorino ya fedha ya Firenze, iliyoanza mwaka 1237, miaka 15 kabla ya ile ya dhahabu iliyokuja kuifunika. Ambrosino ya Milano, yenye Mtakatifu Ambrosio, nayo imekosekana. Seti inayojitangaza kuwa ya Italia ya Enzi za Kati na kuiacha Toscana na Milano ina pengo ambalo bei ya euro 390 haikulazimisha liwepo.

Mwenye uwezo wa kulipa kiasi hicho, na anayetaka kuona kwa pamoja safari ya kutoka denaro dhaifu hadi grosso na gigliato, anaweza kuinunua seti hii kwa moyo mkunjufu, ilimradi vibandiko avitupe na kuandika vyake. Mwenye pesa chache atafute grosso ya Ranieri Zeno, Lorenzo Tiepolo, Gradenigo au Giovanni Soranzo, ambazo hupatikana kwa wingi na mara nyingi kwa euro 100 hivi ikiwa katika hali nzuri. Amwombe muuzaji picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni, uzito usiopungua gramu 2.1, ukingo wenye vitone, jina la Doge linalosomeka lote, na maandishi yanayoeleza sarafu ilitoka kwa nani. Muuzaji akikataa hata moja kati ya hayo, aende kwa mwingine, kwa kuwa grosso za Venisi zipo nyingi za kutosha.